Nakala ya Njano

Kapteni Dastani alikuwa amevaa miwani ya jua saa moja na nusu asubuhi, na jua lenyewe lilikuwa bado halijachangamka. Hilo peke yake lilimuudhi Inspekta Goreti Namangaya kabla mtu hajafungua mdomo.

Walisimama watatu mwisho wa kiwanja cha ndege cha Nachingwea: yeye, Koplo Yasini aliyeshika futi ya kupimia, na huyo Dastani, msimamizi wa marubani wa Mbayuwayu Air, aliyekuja kutoka Dar siku moja baada ya ajali. Mbele yao alama za magurudumu zilitoka kwenye changarawe, zikachimba udongo mwekundu kwa hatua themanini na kitu, zikaishia kwenye shimo pale pua ya ndege ilipojikita.

Ajali ilitokea Alhamisi. Ndege ya Mbayuwayu iliyobeba abiria kumi na mmoja waliokuwa wakienda kwenye machimbo ya Ruangwa ilitua, ikashindwa kusimama, ikatoka nje ya kiwanja na kumgonga Seleman Chinguile, kibarua wa kampuni hapo kiwanjani. Abiria wote walishuka kwa miguu yao. Seleman alizikwa kesho yake kwao Likunja. Rubani, Kapteni Harithi Mkwinda, alilazwa hospitali na mfupa wa bega uliovunjika, askari mlangoni. Leo Jumatatu, saa nane mchana, alikuwa asomewe shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Wachunguzi wa ajali za ndege walishapima na kuondoka, na ripoti yao ingechukua miezi. Goreti alikuwa na saa sita na nusu.

"Alikuwa anachunga mbuzi wake hapa," Dastani alisema. "Tumewaonya hawa vibarua mara ngapi? Mbuzi, kwenye kiwanja cha ndege."

"Wewe uliwaona hao mbuzi?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Dada yangu, kila mtu anajua."

"Mimi ni Inspekta. Dada yako yuko kwenu."

Goreti aliinama, akatembea polepole huku macho yake yako chini. Hakukuwa na kinyesi cha mbuzi hata punje. Kulikuwa na kitu kingine. Kuanzia changarawe zilipoishia mpaka lilipo lile shimo, vichaka vyote vilikuwa vimekatwa. Visiki vilikuwa vibichi, vimefyekwa chini kabisa kwa panga lenye makali, na upana wa sehemu iliyofyekwa ulikuwa sawasawa na upana wa kiwanja. Kulia na kushoto kwake msitu mdogo ulisimama kama kawaida, na miti mingine ilikuwa minene kuliko paja la mtu.

"Mtu alikuwa anaandaa shamba," alisema Yasini.

"Shamba kwenye kiwanja cha ndege?"

"Basi kuni, afande."

Goreti alimwonyesha kwa kidevu. Matawi na magogo yalikuwa yamerundikwa pembeni, marundo mawili makubwa, majani yameanza kukauka. Mtu anayekata kuni anaondoka nazo. Aliyefyeka hapa hakutaka kuni wala shamba. Alitaka nafasi. Goreti aliandika hilo, akarudi kwa Dastani aliyekuwa akiangalia saa yake.

"Turudi kwenye daftari la ndege," alisema.

Daftari hilo alikuwa analo yeye tangu Jumamosi. Kila rubani wa Mbayuwayu anaandika humo safari yake na hitilafu yoyote aliyoiona. Kila ukurasa una namba iliyochapwa na una nakala tatu: nyeupe inabaki daftarini, ya waridi inakwenda kwa mafundi, ya njano inaachwa chini, kwenye kiwanja ndege inapoondoka, ili ndege ikipotea njiani pawe na mtu mwenye habari zake. Goreti alikuwa amezihesabu kurasa hizo mara mbili. Kulikuwa na 416, halafu 418, na pengo hilo lilikuwa la Jumatatu, siku tatu kabla ya ajali.

"Nimeshakujibu," alisema Dastani. "Ukurasa 417 uliharibika. Chai ilimwagika, ukachanwa pale ofisini Dar. Marubani wa siku hizi wanakunywa chai juu ya daftari la ndege, ndiyo hali halisi."

"Nyeupe na waridi, zote?"

"Zote."

"Na ya njano?"

Dastani alitabasamu, na tabasamu lile lilionyesha kwamba swali lilimfurahisha. "Ya njano haiachwi tena kwenye viwanja vya mikoani. Nilipiga marufuku mwenyewe tangu mwaka jana. Upotevu wa karatasi. Nani wa kuitunza hapa? Kibarua?" Alivua miwani. "Inspekta, mambo haya ni mepesi. Rubani ndiye mkuu wa ndege. Akiona breki mbaya, haruki. Hakuna anayeweza kumlazimisha, hata mkurugenzi. Daftari halina hitilafu yoyote. Maana yake aidha breki zilikuwa nzima na yeye alitua vibaya, au aliijua hitilafu akaificha. Chagua unayotaka."

"Jumatatu iliyopita ulizungumza na Harithi kwa simu?"

"Hapana. Jumatatu nilikuwa likizo, simu nimezima."

"Yasini, umeandika?"

"Nimeandika, afande."

Dastani alitia sahihi maelezo hayo juu ya boneti ya gari, kwa kalamu yake mwenyewe, bila kuyasoma.

*

Kapteni Harithi alikuwa na miaka thelathini na minne, na pale kitandani alionekana mkubwa zaidi. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani. Kwa siku tatu alikuwa amekataa kusema chochote zaidi ya jina lake. Goreti alivuta kiti, akakaa, akamweleza alichokiona: visiki, marundo mawili, ukurasa usiokuwepo. Hakumbembeleza. Hakuwa na muda, na kusema kweli alikuwa na hasira naye pia.

"Umenyamaza wewe, mwenzio anazungumza," alimwambia. "Anasema marehemu alikuwa anachunga mbuzi. Anasema wewe ama hujui kazi ama ni mwongo. Saa nane hayo yatakuwa kwenye rekodi ya mahakama. Endelea kunyamaza."

Harithi aligeuza uso ukutani. Kisha akacheka, kicheko kibaya.

"Unajua Abdulkarimu?" aliuliza.

"Ni nani?"

"Rubani mwenzetu. Mwaka juzi aliandika hitilafu kwenye daftari akiwa Songea. Ukishaandika, kisheria ndege hairuki mpaka fundi aje. Fundi alikuja siku ya tatu. Dastani hakumfukuza. Alimwondoa tu kwenye ratiba. Miezi minane anakuja ofisini na sare zake zimepigwa pasi, anakaa kwenye benchi, hapangiwi ndege. Mwisho akaacha mwenyewe. Tangu hapo sote tunajua. Ukiwa mkoani hitilafu unaandika kwenye kikaratasi, unakiweka mfukoni, unampa Dastani mkononi ukifika Dar. Daftari linabaki safi. Vikaratasi sijui anavipeleka wapi."

"Jumatatu ulikuwa hapa Nachingwea."

"Nilikuwa hapa. Nimetua, kanyagio la breki linazama. Nikampigia. Akasema andika kikaratasi, ulete ndege. Nikamwambia naomba fundi. Akasema, 'Harithi, mimi ndiye niliyekufundisha kuruka, usiniaibishe.'" Alivuta shuka kwa mkono mzima. "Nikaandika kwenye daftari. Ukurasa mzima. Nikaandika na amri yake."

"Halafu ukaruka."

"Nikaruka."

"Na Alhamisi ukaruka tena."

"Alisema imetengenezwa. Nikafungua daftari nisome sahihi ya fundi, nikakuta ukurasa wangu haupo. Injini zimeshawashwa, abiria kumi na mmoja nyuma yangu." Sasa alikuwa akilia bila kujificha. "Ningezima. Ndiyo, ningezima. Unadhani tangu Alhamisi nawaza nini kingine hapa? Nilimwogopa mtu anayekaa mezani kuliko nilivyoiogopa ndege."

Goreti alimwacha. Alimsubiri mpaka akajifuta uso kwa shuka.

"Nakala ya njano," alisema.

"Nilimpa mzee Seleman. Nilikuwa nampa siku zote, marufuku au si marufuku. Alikuwa anazidai. Alikuwa anasema ndege haiondoki kwake bila karatasi." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lakini amekufa. Na watu wa kampuni walisema wanakwenda msibani kuchukua vitu vya ofisi."

Goreti alikuwa ameshasimama.

*

Barabara ya Ruangwa ilikuwa imekauka vizuri na Yasini aliendesha kasi bila kuombwa. Saa nne na nusu walikuwa Likunja, kwenye nyumba ya bati yenye turubai la msiba lililokuwa halijashushwa uani. Ramadhan, mdogo wake marehemu, aliwapokea kwa salamu na kumzuia Yasini palepale kwenye mkeka. Hakuna mwanamume wa nje anayevuka mlango wa mjane aliye edani. Goreti alivua viatu, akajitanda kanga aliyoazimwa na Samia, dada yake marehemu, akapitishwa ndani.

Zaina alikuwa amekaa chini, shuka jeupe mpaka kichwani. Mwanamke wa makamo, mikono imekomaa kwa jembe.

"Pole na msiba, mama."

"Nishapoa, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa watu wa kampuni wamefika hapa."

Samia ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Mara mbili. Ijumaa hata udongo haujakauka kaburini, na jana tena. Mwanamume wa miwani, kaleta gunia la mchele na sukari. Kataka kuingia kwa wifi, kataka kasha la marehemu. Anasema vitu vya ofisi. Nimemwambia huku haingii mwanamume, na vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka arobaini ipite. Akasema, 'Basi nitolee tu hilo kasha hapo nje.' Nitolee. Kama anaagiza soda."

"Na mchele?"

"Kauacha. Hatujaupika."

Goreti aligeukia Zaina. Alijua angeweza kutoa amri. Karatasi ya upekuzi ilikuwa kwenye gari. Aliamua isitoke huko kwanza.

"Mama, rubani aliyekuwa kwenye ile ndege anasomewa kesi leo mchana. Na marehemu ameandikiwa kwamba alikuwa anachunga mbuzi."

Mama yule alinyanyua kichwa. "Mbuzi wa nani?"

"Wanasema wa kwake."

"Sisi hatuna mbuzi." Alimkazia Goreti macho. "Waliisha wote mwaka ule wa ugonjwa. Hatuna mbuzi hata mmoja, uliza kijiji kizima. Mume wangu katoka hapa Jumanne na panga jipya, kalinoa mwenyewe hapo kwenye jiwe. Kalala Nachingwea Jumanne, Jumatano. Kanipigia simu mikono imetoka malengelenge. Namwambia, wewe mzee, unalima nini huko? Kasema, 'Nafyeka mwisho wa kiwanja. Ile ndege haina breki. Wamesema watatengeneza, mimi siwaamini hao. Ikija ipate pa kupita, isigonge miti.' Kasema pale mwisho pana njia ya watu wa sokoni, siku ikija atasimama awazuie."

Goreti aliona tena marundo yale mawili na ile miti minene ya pembeni, na abiria kumi na mmoja waliotembea kwa miguu yao. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Nani aliyemwambia kwamba haina breki?" aliuliza, ingawa alijua.

Zaina alimwambia Samia kitu kwa Kimwera. Samia akasita, Zaina akarudia, kwa ukali zaidi. Kisha akamwambia Goreti kwa Kiswahili, taratibu, "Nguo zake na jembe lake ni mirathi, vitangoja. Jina lake kuitwa mchunga mbuzi, hilo halingoji. Ramadhan asimame pale dirishani ashuhudie. Fungueni."

Lilikuwa kasha dogo la bati. Juu kulikuwa na kofia, kitambulisho, miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Chini yake, kwenye mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi za njano zilizopangwa kwa namba, tangu miaka mitatu iliyopita. Ya juu kabisa ilikuwa 417.

Sehemu ya juu ilikuwa kwa Kiingereza cha marubani. Chini yake Harithi alikuwa ameandika upya kwa Kiswahili, herufi kubwa: *Kanyagio la breki linazama. Nimeomba fundi, nimekataliwa. Kapteni Dastani ameniagiza kwa simu, Jumatatu saa tisa na dakika arobaini, niruke hivyo hivyo. Aliyeshuhudia nikiongea:* Na hapo, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *Seleman Chinguile.*

"Alikataa kuweka jina chini ya maneno asiyoyaelewa," alisema Zaina. "Kasema, andika kwa Kiswahili kwanza. Kaja kanisimulia anacheka, eti kapteni mzima kaandika mara mbili kwa ajili yake." Alinyoosha mkono, akaigusa karatasi kwa kidole kimoja. "Utanirudishia?"

"Nitakurudishia, mama. Mahakama ikimaliza nayo, naileta mwenyewe."

*

Saa saba na robo Dastani aliingia ofisini kwa Goreti bila kubisha hodi. Alidhani ameitwa kutia sahihi.

"Kaa," alisema Goreti. "Yasini, funga mlango. Kapteni, ukurasa 417 ulichanwa wapi?"

"Tumeshamaliza hayo. Dar."

"Kwa chai."

"Kwa chai."

"Na nakala ya njano ilichanwa pamoja nao, kwa sababu mikoani haziachwi tena."

"Inspekta, unarudia—"

Goreti aliiweka nakala ya njano mezani ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alimwangalia akisoma Kiingereza, halafu macho yakashuka kwenye Kiswahili, halafu yakabaki kwenye lile jina.

"Hii imetengenezwa," Dastani alisema hatimaye. "Harithi kaiandika baadaye, kujikinga."

"Namba hiyo iliwekwa na mtambo wa chapa, hakuna nyingine. Wewe umetia sahihi kwamba ukurasa wote ulichanwa Dar. Basi huu ulifikaje Likunja? Na aliyetia jina hapo amezikwa Ijumaa. Aliliandika lini, Kapteni? Jumamosi?"

Dastani alitafuta miwani yake mfukoni, akaipata, hakuivaa.

"Kampuni ya simu wananiletea orodha kesho," Goreti aliendelea. "Ile simu uliyoizima ukiwa likizo. Nakupa nafasi ya kusema kabla haijafika."

"Hujui kazi hii," alisema Dastani, na ile sauti laini ilikuwa imekwisha. "Unadhani mimi napenda? Mkurugenzi ananipigia mara ishirini kwa siku. Ndege iko wapi, kwa nini haijaruka, nani kaizuia. Anataka jina. Kila siku anataka jina. Mimi pia nimewahi kuruka na breki mbovu, na hakuna aliyeniuliza. Ndivyo tulivyolelewa."

"Ukampa jina la Harithi."

"Ningempa la nani?"

"Lako," alisema Goreti. Alipiga meza kwa kiganja, na Yasini akashtuka kwenye kiti chake. "Asubuhi umeniambia rubani ndiye mkuu wa ndege, hakuna wa kumlazimisha. Umetia sahihi. Rubani akaomba fundi, wewe ukamkumbusha nani alimfundisha kuruka. Akaandika, wewe ukachana. Mtu akafa, ukaenda kwa mjane wake na mchele."

Dastani aliirudisha miwani mfukoni. Nje pikipiki zilikuwa zikipita kuelekea sokoni. Alipozungumza tena alionekana kama anayeng'ang'ania tawi la mwisho.

"Lakini yule mzee naye. Kama hakuwa na mbuzi, alikuwa anafanya nini kule mwisho wa kiwanja?"

"Alikuwa anafanya kazi yako."

Alimweleza yote, tangu panga lililonolewa Jumanne. Alimweleza malengelenge, marundo mawili, njia ya watu wa sokoni na wanawake watatu wenye baiskeli ambao Yasini aliwapata mchana huo huo, waliosema mzee aliwafukuza kwa matusi mpaka wakakimbia, naye mwenyewe hakupata muda wa kukimbia. Hakupunguza neno. Alitaka kila neno limfikie. Kisha akasukuma karatasi tupu na kalamu upande wa pili wa meza.

"Andika," alimwambia. "Mwandiko wako mwenyewe. Kwa Kiswahili."

Saa saba na dakika hamsini alimpigia simu wakili wa serikali. Shtaka la saa nane lilisimamishwa. Harithi bado alikuwa na maswali ya kujibu kuhusu Alhamisi, na alikuwa amekwisha sema atayajibu. Lakini faili lilihitaji jina jipya juu yake. Yasini alilichukua, akakata la zamani kwa mstari mmoja.

Goreti alivuta lebo ya kielelezo. Akaandika namba ya kesi, tarehe, mahali kilipopatikana. Palipohitajika jina la mwenye mali, kalamu ilisimama kidogo. Kampuni ndiyo iliyochapisha karatasi ile. Rubani ndiye aliyeiandika.

Akaandika: *Zaina, mke wa Seleman Chinguile, Likunja. Irudishwe.*